Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kingamwili Dhidi ya Mtoaji katika Upandikizaji wa Seli Shina Zisizolingana

Utangulizi

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni nadra kupata methali ambayo maana yake ya juu, mbali na ile ya ndani, hutimia neno kwa neno katika wodi ya hospitali. Mgonjwa ambaye uboho wake umevamiwa na saratani ya damu, au ambaye uboho wake tangu kuzaliwa hutengeneza seli nyekundu zenye umbo la mundu, anaweza kutiwa mshipani seli shina za mtu mwingine. Seli hizo husafiri ndani ya damu, hujitafutia makao mifupani, na baada ya wiki chache huanza kuzalisha damu mpya. Mgeni amekuja na mwenyeji amepona.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo mwenyeji humfukuza mgeni kabla hajaketi. Sababu mojawapo, na pengine ile inayoweza kugunduliwa mapema kuliko nyinginezo, ni kuwapo kwa kingamwili ndani ya damu ya mgonjwa ambazo zinamlenga mtoaji yuleyule aliyechaguliwa. Makala haya yanaeleza kingamwili hizo hutoka wapi, hufanya nini mara seli shina zinapoingia mwilini, hupimwa vipi na huondolewa kwa njia gani. Mkazo umewekwa kwenye upandikizaji ambao mtoaji na mpokeaji hawalingani kikamilifu, kwa kuwa ndiko tatizo liliko, na kwa kuwa wagonjwa wengi wenye asili ya Afrika hawana njia nyingine.

Yafaa kutaja machache kuhusu istilahi. Neno kingamwili limeundwa vizuri kwa kuunganisha kinga na mwili, ila linaficha jambo moja: katika habari hii kinga yenyewe ndiyo inayoleta madhara. Neno mfadhili, ambalo baadhi ya magazeti hulitumia kumwitia mtu anayetoa kiungo au damu, limeachwa hapa kwa sababu limekwisha kuzoewa katika mambo ya fedha na misaada, mtoaji latosha. Kitenzi kupandikiza kimetoka shambani, na mkulima anapouhamisha mche kutoka kitaluni husubiri kuona kama umeshika. Kitenzi hicho cha kushika ndicho kitakachotumiwa kwa seli shina zinapoota makaoni mwake mapya, maana hakuna istilahi ya kitaalamu inayolisema jambo hilo vizuri zaidi.

Alama za utambulisho

Juu ya takriban kila seli ya mwili yenye kiini zimo protini zinazoitwa antijeni za HLA. Jeni zinazozitengeneza zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6, na zinatofautiana baina ya watu kuliko karibu jeni nyingine zozote za binadamu. Kazi yake ya asili ni kuionyesha kinga ya mwili vipande vya protini vilivyomo ndani ya seli, ili seli iliyoingiwa na virusi itambulike. Lakini kwa kuwa kila mtu ana mkusanyiko wake, protini hizo huwa pia kama chale za kabila: kinga huzitazama na kujua nani ni wa nyumbani na nani mgeni.

Historia ya ugunduzi wa alama hizi ni yenye kufunza. Mwaka 1958 Jean Dausset, akiwa Paris, alieleza antijeni ya kwanza ya aina hii baada ya kuchunguza damu ya watu waliokuwa wameongezewa damu mara nyingi. Mwaka huohuo Rose Payne katika Chuo Kikuu cha Stanford, na Jon van Rood mjini Leiden, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba wanawake waliowahi kushika mimba huweza kuwa na kingamwili dhidi ya seli nyeupe za watu wengine. Dausset alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Ikumbukwe basi kwamba kingamwili zilijulikana kwanza, na antijeni zikajulikana kupitia kwazo. Kwa miaka mingi baadaye maabara ziliendelea kutumia damu ya akina mama waliozaa mara kadhaa kama chombo cha kupimia alama za watu wengine. Wanawake hao walichangia sayansi hii kuliko inavyotajwa kwa kawaida.

Mtoto hurithi alama za HLA kama furushi mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa hiyo uwezekano wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu ni asilimia 25. Asiyepata ndugu anayelingana naye hutafutiwa mtu baki katika sajili za watoaji wa kujitolea, na hapa ndipo ukosefu wa usawa unapojitokeza. Uchunguzi wa sajili kubwa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mweupe mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata mtoaji anayelingana naye barabara, ilhali kwa mtu mweusi mwenye asili ya Amerika ya Kusini au ya Kati uwezekano ulikuwa asilimia 16. Waafrika wana aina nyingi zaidi za alama hizi kuliko watu wa mabara mengine, nao waliojisajili ni wachache.

Kutokana na hali hiyo madaktari waligeukia watoaji wasiolingana. Kuna damu ya kitovu, iliyotumiwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1988 na Éliane Gluckman. Kuna mtu baki anayetofautiana kwa alama moja au mbili. Na kuna jamaa wa karibu anayelingana kwa furushi moja tu: mzazi, mtoto, au ndugu. Njia hii ya mwisho iliogopwa sana zamani. Ilipata nguvu hasa baada ya watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, kuonyesha katika ripoti ya mwaka 2008 kwamba dawa ya saiklofosfamaidi ikitolewa siku ya tatu na ya nne baada ya upandikizaji huzima seli T zilizochachamaa na kuziacha seli shina salama. Tangu hapo karibu kila mgonjwa amekuwa na mtoaji nyumbani kwao. Angalau ndivyo ilivyodhaniwa.

Mama na mwanawe

Ichukuliwe kwamba mgonjwa ni mama wa watoto watatu aliyepatwa na lukemia. Furushi zake za HLA ziitwe A na B; za mumewe ziitwe C na D. Kila mtoto wao ana furushi moja ya mama na moja ya baba. Mtoto wa kwanza ni A na C, wa pili ni B na C, wa tatu ni A na D. Wote watatu wanalingana na mama yao nusu kwa nusu, na wote wako tayari kutoa. Katika familia nyingi jambo hili huonekana kuwa jepesi: mama alimpa mwana uhai, sasa mwana anamrudishia.

Lakini mimba ni ukaribu wa miezi tisa na furushi ya baba. Baadhi ya seli za mtoto huvuka kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua, na kinga ya mama huziona alama za C kuwa ngeni. Baadhi ya wanawake hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwa kawaida kingamwili hizo hazimdhuru mtoto aliye tumboni, na mama hajui kamwe kwamba anazo. Mimba ya pili yenye furushi ileile huuimarisha ukumbusho huo. Mimba iliyoharibika nayo huhesabiwa. Miaka 20 baadaye, mtoto wa kwanza anapojitolea kumwokoa mama yake, mwili wa mama unakuwa umekwisha kujifunza kuzikataa seli zake tangu siku alipozaliwa.

Hii ndiyo sehemu ya habari hii ambayo ni ngumu kuwaeleza jamaa, na si haba kusikia ikielezwa vibaya. Mtoto akiambiwa tu kwamba damu yake haikubaliani na ya mama, atadhani ana kasoro, au kwamba kuna siri kuhusu uzazi wake. Ukweli ni kinyume cha hayo: kingamwili hizo ni ushahidi kwamba mwanamke huyu alimbeba mtoto mwenye alama za baba huyo.

Mfano huu pia unaonyesha njia ya kutokea. Kama kingamwili za mama zinalenga C peke yake, mtoto wa tatu, mwenye D, anaweza kumpa uboho bila kizuizi hicho. Dada au kaka wa mama anaweza pia kufaa, maana hao hawana chochote cha upande wa mume. Mgonjwa akiwa baba, tatizo la mimba halipo kabisa.

Mimba ndiyo mlango mkuu, lakini si wa pekee. Kuongezewa damu ni mlango wa pili, kwa sababu damu ya mtu mwingine huja na seli nyeupe na chembe za kugandisha damu, zote zikiwa na alama za HLA. Jambo hili linawahusu sana wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ulioenea katika maeneo ya Ziwa Viktoria na Pwani, kwa kuwa wengi wao huongezewa damu mara nyingi tangu utotoni. Kila chupa inayowaokoa leo inaweza kuwapunguzia idadi ya watoaji watakaowafaa kesho. Kuzichuja seli nyeupe kutoka kwenye damu kabla ya kumtilia mgonjwa hupunguza hatari hiyo bila kuimaliza. Mlango wa tatu ni kupandikizwa kiungo au uboho hapo awali.

Kinachotokea baada ya seli kuingia

Wataalamu wa figo waliijua hatari hii mapema. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walichapisha matokeo ambayo hayajasahauliwa: kati ya wagonjwa 30 waliokuwa na kingamwili zenye kuua seli za mtoaji, figo 24 zilishindwa papo hapo, ilhali miongoni mwa wagonjwa 195 wasio na kingamwili hizo zilishindwa 8 tu. Kwa upande wa uboho jambo hili lilichukua muda mrefu kukubalika, kwani wengi waliamini kwamba seli T ndizo zenye kukataa pandikizi, na kwamba dawa kali anazopewa mgonjwa kabla ya upandikizaji huifagilia mbali kinga yake yote.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyopotosha. Tibakemikali na mionzi huua seli zinazogawanyika. Kingamwili si seli. Ni protini zilizokwisha kutengenezwa na kumwagwa ndani ya damu, na nusu yake huwa bado zipo baada ya takriban wiki tatu. Aidha, seli za plazima zinazozitengeneza hukaa kimya ndani ya uboho bila kugawanyika, na zinaweza kuishi kwa miaka. Dawa hupita juu yake kama mvua juu ya jiwe. Hata saiklofosfamaidi ya siku ya tatu na ya nne, ambayo ni hodari dhidi ya seli T, haina la kufanya kwa kingamwili ambazo zilikuwapo tangu zamani.

Kwa hiyo seli shina zinapoingia, hukuta walinzi mlangoni. Kingamwili hujishikiza kwenye alama za HLA zilizo juu yake na kuziita protini za damu ziitwazo komplementi, ambazo hutoboa utando wa seli. Seli nyingine humezwa na seli mezi kabla hazijafika mifupani. Figo iliyoshambuliwa hubaki mahali pake na huweza kutibiwa. Seli shina zilizo ndani ya damu hazina pa kujificha.

Daktari huyaona matokeo kwa kuchelewa. Kwa kawaida seli nyeupe aina ya neutrofili huanza kuonekana tena katika wiki ya tatu hivi. Siku ya 28 ikipita bila seli hizo kufikia milioni 500 katika kila lita ya damu, husemwa kwamba pandikizi halikushika. Mgonjwa huwa hana uboho wake wala wa mtoaji. Hawezi kupambana na bakteria wala kuvu, na anaishi kwa damu za kuongezewa, ambazo zenyewe huweza kumzidishia kingamwili.

Ushahidi wa takwimu ulikuja baada ya mwaka 2000. Watafiti wa kituo cha MD Anderson, Houston, waliripoti mwaka 2009 kundi dogo la wagonjwa 24 waliopandikizwa kutoka kwa jamaa wa nusu-ulinganifu: watatu kati ya wanne wenye kingamwili dhidi ya mtoaji hawakushika, ikilinganishwa na mmoja kati ya 20 wasio nazo. Mwaka 2010 ulifuata uchunguzi wa watoaji baki nchini Marekani. Kati ya wagonjwa 37 ambao pandikizi halikushika, 9 walikuwa na kingamwili hizo; kati ya 78 waliolinganishwa nao, ambao pandikizi lilishika, alikuwa nazo mmoja pekee. Mwaka 2015 kituo kile cha Houston kilitoa taarifa ya wagonjwa 122. Waliokuwa na kingamwili dhidi ya mtoaji walikuwa 22, na kati ya hao 19 walikuwa wanawake. Saba kati ya hao 22 walilikataa pandikizi.

Kuhesabu mng'aro wa shanga

Kipimo kinachotumiwa siku hizi ni cha kuvutia. Shanga ndogo mno za plastiki, zisizoonekana kwa macho, hupakwa kila moja antijeni ya aina moja ya HLA. Shanga hizo huchanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa. Kama ana kingamwili dhidi ya antijeni fulani, itashika shanga yake. Kisha hutiwa rangi yenye kung'aa inayojishikiza kwenye kingamwili, na mashine husoma shanga ipi imeng'aa na kwa kiasi gani. Wastani wa mng'aro huo huandikwa kwa herufi MFI. Maabara nyingi huichukulia MFI ya zaidi ya 1,000 kuwa dalili kwamba kingamwili zipo, na zaidi ya 5,000 kuwa hatari kubwa.

Nambari hizi zisisomwe kama vipimo vya sukari. Mng'aro ni ishara tu ya wingi wa kingamwili: shanga ikijaa haiwezi kung'aa zaidi hata kingamwili ziwe maradufu, na antijeni iliyoharibika umbo wakati wa kupakwa inaweza kudaka kingamwili ambazo haziwezi kuidhuru seli hai. Ndiyo maana majibu ya shanga hulinganishwa na jaribio la kuchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na seli halisi za mtoaji. Swali jingine ni iwapo kingamwili hizo zina uwezo wa kuiamsha komplementi, jambo linalopimwa kwa kuangalia kama zinaishika protini yake ya kwanza, C1q. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 uliotajwa, wagonjwa tisa walianza wakiwa na kingamwili zenye kuishika C1q. Watano waliofikia siku ya upandikizaji wakiwa bado hivyo, pandikizi halikushika kwa hata mmoja wao. Wanne ambao uwezo huo ulikuwa umetoweka baada ya matibabu, wote lilishika. Idadi ni ndogo, lakini mgawanyiko huo ni vigumu kuupuuza.

Kuondoa walinzi mlangoni

Tiba iliyo bora ni kumchagua mtoaji mwingine, na mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya upandikizaji wa damu na uboho, EBMT, uliotolewa mwaka 2018, unasisitiza kwamba kila mgonjwa anayeelekea kupandikizwa kwa nusu-ulinganifu apimwe kingamwili hizi. Mtoaji mwingine asipopatikana, damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine inayoiondoa plazima yake, pamoja na kingamwili, na kuirudisha ikiwa na plazima au protini mbadala. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa. Huongezewa pia kingamwili za kawaida zilizokusanywa kutoka kwa watu wengi, na dawa ya rituksimabu ambayo huua seli B. Baadhi ya vituo huongeza hila moja: siku moja kabla ya upandikizaji mgonjwa hutiwa seli nyeupe za mtoaji yuleyule, au za mtu mwenye alama kama zake, ili kingamwili zilizosalia zijishikize kwazo na kumalizika, na seli shina zitakapokuja kesho yake zikute njia nyeupe.

Seli za plazima, ambazo ndizo kiwanda chenyewe, hubaki. Rituksimabu haizigusi, kwa kuwa hazina alama inayoitafuta. Dawa zinazozilenga, kama zile zilizobuniwa kwa ajili ya saratani ya seli hizo, zimejaribiwa kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini kiwanda kikiendelea kufanya kazi, kiwango huweza kupanda tena ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo upandikizaji hupangwa karibu sana na mwisho wa tiba, na damu hupimwa tena wakati huo na katika wiki zinazofuata.

Katika wiki hizo kuna mashindano ya kimyakimya. Pandikizi likishika na kuenea, seli mpya za mtoaji na tishu zake hufyonza kingamwili zilizosalia, na kinga mpya inayotokana na mtoaji huwaondoa polepole wazee wa kinga ya zamani. Kwa wagonjwa wengi kingamwili hutoweka. Wengine hubaki nazo kwa miezi, na seli zao za damu hukua kwa kusuasua. Hali ya namna hiyo inajulikana tangu zamani kwa wagonjwa waliopandikizwa uboho wa mtu wa kundi jingine la damu, yaani A, B au O: pandikizi limeshika, lakini mabaki ya kingamwili za mwenyeji huendelea kuzuia seli nyekundu tu zisizaliwe. Seli nyeupe zinapochelewa kuonekana, daktari hana budi kuchunguza pia virusi, dawa, na kurudi kwa saratani yenyewe, na kupima ni kiasi gani cha damu iliyopo ni cha mtoaji. Kama hakipo kabisa, kunahitajika upandikizaji wa pili wa haraka, na mara nyingi kwa mtoaji tofauti.

Kwa muda mrefu mambo haya yalikuwa ya hospitali za ng'ambo, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisafiri hadi India kuyatafuta. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, ndugu zao wanaolingana nao wakiwa watoaji. Watoto watatu kati ya wanne hawatakuwa na bahati hiyo kwa ndugu mmoja waliye naye, na itabidi wamtazame baba au mama. Hapo ndipo daftari la damu waliyoongezewa, tangu chupa ya kwanza, litakapohitajika.